Lango la Buluu Limehamia Dilala

Tata,

Nimeling'oa lango lako, baba yangu. Lile la buluu, la Kasulo, lenye namba uliyokuwa unaipaka rangi nyeupe kila Bonané, mwaka mpya ukiingia. Najua hapo ulipo umeshaninyooshea kidole. Kishushe kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, halafu kama bado una hasira, kasirika. Mimi pia ninazo, na zangu zimepita zako.

Tangu tukuzike, teksi naendesha mimi. Mwanzoni pale kituoni wanaume walinicheka, mmoja akaniuliza kama nimekuja kuuza mikate. Sasa wamenyamaza, maana abiria wako wa zamani wananitafuta mimi. Wanasema naendesha kama wewe: polepole penye mashimo, kwa maringo penye lami. Ningeendeshaje vingine, ikiwa mwalimu ulikuwa wewe? Jumapili baada ya misa, kwenye ile barabara pana ya kwenda Kingamyambo, vumbi mpaka kwenye meno, wewe umekaa kando yangu na mkono juu ya breki ya mkono kama mtu anayeshika mbuzi asitoroke. "Macho mbele, Mama," ulikuwa unasema. Wewe tu ndiye uliyeniita Mama, kwa kuwa nina jina la mama yako. "Shimo haitakukimbia. Njo weye utaikimbia."

Nimeyakimbia mashimo mengi, Tata. La kwako ndilo lililonipata.

Unamkumbuka Mama Feza, muuza mikate ya mafuta wa karibu na soko la Dilala. Ulikuwa unambeba mvua ikinyesha, yeye na beseni lake, na akitia mkono kwenye mkoba unamfokea kana kwamba amekutukana. Asubuhi moja ya mvua, pikipiki ya teksi ilichomoka mbele yangu na abiria na magunia. Nilikata usukani nisiwaue. Gari likateleza likampiga Mama Feza, aliyekuwa amekaa pembeni mwa barabara anapanga mikate yake. Mguu ulivunjika vibaya. Mwenye pikipiki alikwenda zake, hata nyuma hakuangalia. Watu wakakusanyika, na wewe unajua watu wakikusanyika huwa wanatafuta nini. Nilibaki nimeshika usukani. Aliyeniokoa ni yeye mwenyewe, amelala kwenye matope katikati ya mikate yake. "Mumuache," aliwaambia. "Huyu ni mutoto wa Tata Ilunga. Hawezi kunikimbia."

Nilimpeleka hospitali kwa gari lile lile lililomvunja. Daktari alisema mguu upasuliwe haraka, uwekewe chuma, la sivyo utaoza na watalazimika kuukata. Nikasimama kando ya kitanda, nikamshika mkono, nikamwambia asiogope, tuna bima, atatembea. Niliahidi kwa kifua mbele, Tata. Nilijua wewe unaweza kukaa bila nyama mwezi mzima, lakini bima ya gari hukuichelewesha hata mara moja.

Nikaenda ofisini kwao. Yule bwana mkubwa wa ofisi, mwenye tai na kiyoyozi, aliangalia kwenye mashine yake akaniambia ulinzi wa bima kwa gari letu umesimamishwa. Umesimamishwa! Akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji: walikuwa wamewaandikia wenye teksi wote waje wathibitishe gari linalala wapi na linaendeshwa na nani. Asiyekuja, ulinzi wake unasimama. Barua yetu ilipelekwa kwenye anwani ya mteja, Kasulo. Mteja hakuja.

Nikamwambia mteja amekufa, na Kasulo hatukai tena.

"Madame, adresse njo ile mulitupatiaka benyewe," akasema. "Mujumbe wetu alifika. Mulango iko, namba iko, na rangi yake ingali mupya."

Rangi yake ingali mupya! Hapo nikakuona, Tata. Nikakuona umechuchumaa mbele ya lango lile siku ya Bonané, kopo la rangi mkononi, ulimi nje kidogo kama mwanafunzi, unaipaka namba ya nyumba ambayo haipo.

Niliwakasirikia wao. Halafu, nakwambia wazi, nikakukasirikia wewe zaidi.

Kwani sikukuomba? Nyumba ilipozama, asubuhi ile tukiwa kanisani, hukuwa umechimba hata sentimita moja chini ya sakafu yako. Majirani wote walikuwa wanachimba ndani ya vyumba vyao, madini yanatoka chini ya vitanda, na wewe unasema sakafu ni ya kulalia. Wakakufikia kwa chini. Jiko likaondoka, chumba cha kulala kikafuata, tukarudi na nguo za kanisani tu. Likabaki lango, kwa sababu nguzo zake ulizimwagia saruji wewe mwenyewe na hukujua kufanya kitu nusu. Tulipopanga Dilala, katika zile nyumba za zamani za mgodi zinazofanana kama mapacha, nilikuambia: Tata, twende tuwape watu wa bima anwani mpya. Ni neno moja tu, linaandikwa na kwisha. Ukakataa. "Hapa tuko bageni," ulisema. "Lupango yangu, kiwanja yangu, iko Kasulo. Nikiandika Dilala, bantu batasema nimeiacha." Ukaendelea kupaka kufuli lile mafuta, na kutembea na ufunguo wake mfukoni kana kwamba jioni utarudi huko kulala.

Mama alikuzika nao, huo ufunguo. Aliutia kwenye koti lako la kijivu, upande wa ndani, kabla hawajafunika. Nilimwona, nikamwacha. Gari lilikupeleka makaburini limefungwa matawi mbele, na mimi nikiliendesha nilikuwa nawaza: hata huku anakokwenda atawaambia anakaa Kasulo.

Sasa basi, nimesimama mbele ya bwana yule, na Mama Feza amelala na mguu unaovimba. Nikamwambia: twende Kasulo wote wawili, tukapige hodi kwenye anwani yenu. Akacheka. Akasema ana kazi. Nikasema mimi sina, nikavuta kiti nikakaa mlangoni, na kila mteja aliyeingia nikamuuliza: samahani, wewe ungali unalala kwenye nyumba uliyoandikisha hapa? Ungeona nyuso zao! Mmoja alicheka, halafu akaacha kucheka. Mama mmoja alisema wao walihamishwa na nyumba ikabomolewa, na hakuwa amefikiria kuwaambia watu wa bima. Tata mmoja mnene akasema lupango yake ni shimo siku nyingi, lakini kwenye karatasi zote angali anakaa humo na mke na watoto. Kumbe hukuwa peke yako! Nusu ya mji huu inaishi kwenye nyumba zilizoliwa, kwa maandishi. Watu wakaanza kupandisha sauti, wanadai waangaliwe na wao. Bwana mkubwa akachukua funguo za gari lake. Nadhani alitaka tu nitoke mle ndani.

Tukafika. Kutoka barabarani, nisiwasingizie, panaonekana kama lupango ya mtu. Wachimbaji wamesimamisha mabati na maturubai mekundu kila upande wa lango, kuficha kazi yao, na katikati limesimama lango lako, la buluu, limefungwa kwa kufuli, namba inang'aa. Wao wenyewe wanapita pembeni, kwenye pengo la mabati. Bwana mkubwa akataka kupita hapohapo. Nikamzuia. Nikatoa ufunguo wa pili, ule wa Mama, nikamwambia: hapana, chef, bwana mkubwa, wewe ni mgeni wa heshima, pita mlangoni.

Nikafungua. Mafuta yako, Tata, kufuli liliitika mara moja. Akapiga hatua moja ndani, akarudi nyuma akashika nguzo. Mbele ya viatu vyake vizuri hapakuwa na kitu. Shimo lilianzia pale lilipokuwa baraza letu, pale ulipokuwa unakaa kuvua viatu. Kokoto zikaporomoka, tukasikiliza zikienda.

"Bisha hodi," nikamwambia. "Anwani ni hii."

Hakubisha. Lakini kutoka chini sauti ikapanda, kijana mmoja mwenye taa kichwani, mchangamfu kabisa: "Karibu, chef! Munatafuta nani?"

Nikamuuliza kama aliwahi kuona barua iliyopitishwa chini ya lango.

"Karatasi ya asiransi, ile ya bima? Tuliwashaka nayo makala!"

Barua imewasha makaa! Nilicheka, Tata. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakuwa tena ya kicheko. Bwana mkubwa alivua miwani akaifuta. Halafu, ili asishindwe kabisa, akasema lakini ni ninyi ambao hamkutuambia mmehama. Nikamjibu: kweli, hatukuwaambia. Marehemu alikuwa mkaidi, na mimi nimemrithi. Lakini ninyi mnaishi mji huuhuu. Mnapita hapa kila siku. Kasulo yote imeingia chini ya ardhi, kila mtu anajua, na ninyi mnatuma mjumbe apitishe barua chini ya mlango wa shimo, halafu mnasema imepokelewa? Kuna mwanamke mguu wake unaoza kwa sababu ya mlango huu. Mwambie basi yeye kwamba rangi ilikuwa mpya.

Tukarudi. Ofisini akapiga simu kwa wakubwa wake, akafunga mlango, akatoka shati limelowa. Watamtibu Mama Feza. Ila, akasema, nitie sahihi kwamba kila nikihama nitawajulisha, na niandike sasa hivi, kwa mkono wangu, anwani ninapokaa.

Akanipa kalamu. Tata, mkono wangu ulikataa. Baada ya kelele zote zile, baada ya kumkalia mtu mlangoni, nilishindwa na neno moja. Nilikusikia kabisa: nikiandika Dilala, bantu batasema nimeiacha. Nikaona nakuzika mara ya pili, na safari hii bila matawi kwenye gari wala mtu wa kukulilia. Kisha nikamkumbuka Mama Feza kwenye matope, anawaambia watu kwamba mtoto wako hawezi kumkimbia. Nikakukatalia kwa sauti, mpaka bwana mkubwa akainua kichwa: "Tata, nasikia. Lakini minakatala."

Nikaandika Dilala. Nikaandika avenyu, nikaandika namba, na kwa kuwa namba za kule zimefutika nikaongeza: nyumba inayotazamana na kinu cha unga, mwanamke dereva, kila mtu anamjua. Wasije wakasema hawakupaona.

Mama Feza amepasuliwa. Mguu ni wake, na anatembea, kwa mkongojo bado, akiutukana mkongojo kama alivyokuwa anawatukana wateja wa kukopa. Amerudi na beseni lake sokoni. Asubuhi namchukua mimi na jioni namrudisha mimi, na akitia mkono kwenye mkoba namfokea.

Na lango? Nilirudi Kasulo kulichukua. Sikutaka lidanganye mtu mwingine. Nilikwenda na koleo langu, nikapiga saruji yako, na saruji yako ikanicheka. Wale wachimbaji wakatoka shimoni na mitarimbo yao. Nilitaka kuwafukuza, Tata. Ni wao, au wenzao, walioila nyumba yetu kwa chini. Nikawaambia hivyo hivyo usoni. Yule wa taa kichwani akaniambia nyumba ya mama yake pia haipo, kisha akatema mate mikononi akaanza kupiga. Sikumsamehe wala sikumzuia. Jua lilikuwa limeshaanza kulala lango lilipokubali, na walilifunga wao juu ya teksi, na tukavuka mji mzima nikipiga honi kama arusi. Watu waliuliza nani anaoa.

Lupango yetu sijaiuza, sijaiacha, na sijaisahau. Atakayeniuliza kwetu ni wapi, nitamwambia Kasulo, na nitamwambia nani aliyeila. Lakini ninapolala ni Dilala, na hapa mimi si mgeni. Nimekataa ugeni. Lango limesimama mbele ya nyumba, mwenye nyumba alinung'unika, halafu akaona limependeza. Namba ya zamani nimeifunika. Ya sasa nimeipaka mwenyewe, nyeupe, ulimi nje.

Nakuandikia kwa sababu ya Mama. Anasema tangu kilio chako hujamjia ndotoni hata mara moja. Mimi ndoto siziamini sana, unanijua. Lakini juzi alisema, huku anachagua maharagwe, bila kuniangalia: "Atakuwa anatutafuta kule. Anafika Kasulo, hapati muntu." Nikaona nimewajulisha watu wa bima, na wewe sijakuambia.

Basi nakuambia. Hatuko Kasulo, Tata. Tuko Dilala, mbele ya kinu cha unga, lango la buluu, utalijua. Pumzika, na uache kutangatanga pembeni mwa shimo lile. Nakuahidi: wakituchimba na hapa, nitaling'oa tena nilibebe juu ya gari, na kabla sijamwambia mtu wa bima nitakuambia wewe. Fundi alitaka kunibadilishia kufuli, ati limezeeka. Nimemkatalia. Nalipaka mafuta mimi.

Ukija, usibishe hodi. Ufunguo unao.

Mimi, unayeniita Mama,
Ngoie