Alhamisi kwenye Viti vya Chekechea

Jumatatu, 3 Machi
Leo mwanafunzi ndiye aliyekanyaga breki. Si mimi! Mimi mwalimu wa udereva, mwaka wa tisa kazini, nina breki yangu ya ziada miguuni kwa sababu hiyo hiyo — na nilikuwa nalitazama lori linavyotujia kama mtu anayetazama mawingu.
Mwanafunzi mwenyewe ni mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miaka sitini na mbili, anaendesha kama anasahihisha mtihani. Akaegesha vizuri sana (nilimfundisha mwenyewe). Akashusha kioo. Akasema peremende zangu zinanukia vizuri, ila haziifuniki ile harufu nyingine.
Nikamsainia kadi ya somo. Sahihi imetoka kama ya mtoto.

Jumanne, 4 Machi
Nimeacha. Basi. Rahisi tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeanza tena. Rahisi vilevile.
Mwalimu mkuu hakunishtaki ofisini. Kafanya baya zaidi: kaniletea namba ya simu, kwa mwandiko wa ubaoni. Kikundi cha watu wanaoacha pombe. Nikasema asante, nitampa jirani yangu mwenye shida hiyo. Akasema nimsalimie sana huyo jirani.
Nimepiga. Kapokea mwenyekiti wao, fundi saa. Alhamisi, saa kumi na moja jioni, shule ya chekechea, mlango wa nyuma. Nikauliza kama kuna fomu za kujaza. Akacheka. "Dada, hapa hata jina hatukuulizi."

Alhamisi, 6 Machi
Baba watoto nimemwambia nina mwanafunzi wa jioni. Uongo wa kunifikisha kwenye ukweli — sijui unahesabiwaje.
Viti! Vya watoto wa miaka minne. Watu wazima kumi na mbili, magoti yamefika masikioni, na ukutani bata anatukumbusha kunawa mikono. Nikakaa karibu na mlango, ili nikipata upenyo nichomoke.
Ndipo nikamwona. Mama mkwe wangu.
Mama mkwe! Yule aliyeinusa glasi yangu siku ya harusi kabla hajanipa mkono. Anayeingia jikoni kwangu kila Jumapili na kufungua makabati kama afisa wa forodha. Miaka minane nimeamini ananidharau. Kumbe alikuwa anajua tu pa kuangalia.
Tukatazamana. Hakukwepesha macho. Akasimama, akasema hajaonja kwa miaka kumi na moja, na bado zipo siku anavuka barabara ili asipite mbele ya duka la pombe. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga — ningefanyaje?
Zamu yangu ilipofika nikasema nimekuja kumwakilisha jirani. Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.
Nje akaniambia machache: ya humu hayatoki, na wanawe hawajui. "Hata mumeo." Nikamwambia, na yangu pia hayajui. Tukaagana kwa adabu zote, kama majambazi wawili.

Alhamisi, 13 Machi
Siku saba! Jasho, usingizi wa mang'amung'amu, mtoto nimemfokea kwa sababu ya soksi.
Leo kikundini nimesema sentensi ya kwanza isiyo na jirani ndani yake. Mama mkwe hakupiga makofi. Alinijazia chai, vijiko vitatu vya sukari, ndivyo ninavyopenda. Miaka yote hii hakuwahi kuniuliza. Nimelia kwenye kikombe cha plastiki chenye picha ya twiga.

Jumamosi, 15 Machi
Baba watoto amepiga ofisini. Kaambiwa mwanafunzi wa jioni hayupo. Sasa ana hakika nina bwana. Ushahidi wake: Alhamisi narudi na macho mekundu, lakini nimechangamka, na siku hizi sinukii peremende.
Nilipokuwa nalewa hakushuku kitu! Nimeacha — naitwa mhuni.
Nikikitaja kikundi atataka kuja kuhakikisha. Ni mtu wa kuhakikisha, ndiyo kazi yake, anakagua lifti. Atamkuta mama yake pale na magoti masikioni. Nisipokitaja, ndoa inaondoka. Nikaendelea kukunja soksi. Akasema basi, kesho analiweka mbele ya mama. Mama hana mchezo na uchafu, kasema.
Nilimtamani jirani yangu leo, yule wa kwenye chupa. Kweli kweli. Nimekunywa maji hadi tumbo likalia.

Jumapili, 16 Machi
Naandika msalani, juu ya mfuniko, maji nimeyafungulia yasikike. Nimeomba dakika mbili.
Amelisema. Mezani, watoto wakiwa nje wanacheza. "Mama, muulize mkweo Alhamisi anakuwa wapi. Mimi ananidanganya, wewe hawezi." Mimi macho kwenye chumvi.
Mama akafuta mdomo taratibu. Siku zote hukaa ubavuni mwa mwanawe. Leo akanyanyuka, akakibeba kiti, akaizunguka meza yote, akakiweka kando ya changu. Akakaa. Bega lake likagusa langu — lilikuwa linatetemeka! Lake!
Baba watoto kaduwaa. Akasema, Mama, sahani yako iko huku. Akajibu hapa panamtosha.
Nikakimbilia huku.
Sasa mlango unagongwa. Si mume. Ni yeye.
"Toka, mwanangu. Nani aanze, mimi au wewe?"
Na nyuma yake sauti ya baba watoto: kuanza nini? Jamani, kuanza nini?
Nimefunga bomba.