Ndiyo ya Wajane wa Ruashi

Makomeno, Lubumbashi, 12 Juni

Mdogo wangu mpenzi Myriam,

Nakusalimu kwa furaha ambayo mapafu yangu hayawezi tena kuibeba. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii ya Likasi? Wajukuu hawajambo? Mimi niko kitandani, napumua hewa ya chupa, na binti yangu Keren amenikataza kucheka. Jana nilicheka.

Myriam, umeshinda!

Unalikumbuka dodoso letu la huzuni kwa wajane wa Ruashi, mwaka wa 1996: maswali kumi na mawili, sita yakiulizwa kwa kukanusha, kama lile la "Haulalake muzuri?", yaani hulali vizuri? Wewe ulikuwa muulizaji, mimi mtafiti. Majibu yalipogawanyika makundi mawili, ilinibidi nichague modeli: ama maswali yote yanapima huzuni moja, ama yanapima mbili. Nikachagua mbili. Ile ya pili nikaibatiza huzuni iliyojificha, na kwayo nikawa profesa.

Wewe ulisimama mbele ya jopo zima, ukaniita kaka yako mkubwa kama tuko nyumbani, ukasema, "Yaya, hakuna huzuni ya kujificha kule. Ndiyo ya hawa bamama haiko oui yako ya Kifaransa." Ukaeleza kwamba mjane asiyepata usingizi, akiulizwa hivyo, hujibu ndiyo, yaani ndiyo, silali, lakini aliyesoma kwa masista hujibu kama Mfaransa: non, yaani hapana, silali. Nami nilikuwa nimeiandika kila ndiyo kuwa usingizi mzuri. Wenzangu walikucheka, wakakuita profesa wa sokoni. Nikasema hujui kuuliza, nikakuondoa kazini. Hakuna mtafiti aliyekuchukua tena.

Jana Kunda, mhadhiri kijana aliyerudia utafiti wetu, alitoa matokeo yake. Yale maswali sita aliyageuza yaulizwe bila kukanusha, akawauliza wajane mia nne. Huzuni ya pili ikayeyuka! Modeli ya huzuni moja ilishika maswali yote kumi na mawili. Nilikuwa ukumbini, kwenye kiti cha magurudumu. Kunda alipokutaja kuwa ndiwe uliyeliona kosa kwanza, wajane waliokuja toka Ruashi walipiga vigelegele, na maprofesa wakasimama. Mzee Ephraïm, aliyekucheka kuliko wote, aliniinamia akanong'ona kwamba kumbe tulikuwa wajinga wawili. Nikamjibu kwamba mjinga alikuwa yeye peke yake.

Maana mimi nilijua. Wiki ileile niliyokufukuza, nilikwenda Ruashi, nikawauliza upya wajane kumi swali lilelile la usingizi. Tisa walinijibu ndiyo, kisha wakanisimulia jinsi wasivyolala. Nikarudi, nikazifungia karatasi zile kabatini, nikaenda kutetea tasnifu yangu. Sikukosea modeli, Myriam. Nilichagua cheo, na bei yake ikawa jina lako.

Jana niliomba kipaza sauti, nikayasema haya yote mbele yao, na zile karatasi kumi nikamkabidhi Kunda. Sijapata kujisikia mwepesi namna ile tangu ujana wangu. Dodoso jipya litachapishwa mwezi ujao. Jina lako ni la kwanza, langu halimo.

Wasalimie wote wa nyumbani, mmoja mmoja. Daktari hanipi wiki nyingi, lakini usinisamehe kwa sababu tu nakufa. Njoo unigombeze. Safari hii nitakusikiliza mpaka umalize.

Yaya wako,
Donat