Marashi Uliyonimwagia

Mpendwa mke mwenzangu Somoe,

Nakuandikia nikijua huko uliko barua hazifiki. Lakini tangu tukuzike, nyumba hii ya Mitole imepooza, na mimi, unavyonijua, sikuumbiwa kunyamaza.

Unaikumbuka ile homa yangu, Hamisi akiwa bado ananyonya? Jumbe wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba kila nyumba inayolipa kodi itatibiwa bure kwenye zahanati ya serikali. Mume wetu akatembea kifua mbele, utadhani kaijenga yeye. Ukambeba Hamisi mgongoni, ukanishika kiuno, tukajikongoja mpaka jua likatukuta utosini.

Dresa, yule mtoa dawa wa zahanati, akanipima, kisha akauliza, "Chupa iko wapi?"

"Chupa ya nini tena? Si tumeambiwa bure?"

"Dawa ni ya serikali, mama. Chupa ni yako."

Hakuna aliyetuambia. Nilikuwa natetemeka pale sakafuni, na nilijua kwenda nyumbani na kurudi sitaweza. Ndipo ukafungua fundo la kanga, ukatoa chupa ya marashi uliyotunzwa siku ya ndoa yako, ile uliyonificha miaka yote, ukitembea nayo, nisije nikajipaka. Ukanimwagia yote kichwani, ukaisuuza, ukampa dresa aijaze dawa ya kwinini.

Nikaanza kukushukuru, ukanikatiza. "Wacha bwana. Ukifa wewe, nani atanisaidia kumvumilia huyu mume?" Nikacheka huku meno yanagongana.

Mwaka jana homa ikakushika wewe. Nikakupeleka palepale na chupa mbili, nisije nikaumbuka. Dresa akazitazama, akainamisha kichwa. Dawa zilikuwa zimekwisha, na za kutoka Lindi hazijafika. Hakuwa mtu mbaya. Alikupa maji, akakuombea dua. Ulikata roho njiani, kichwa chako mapajani mwangu, na kodi ya nyumba yetu ilikuwa imelipwa.

Hasira zimepungua. Uliobaki ni upweke. Nikisema namlilia mke mwenza, wanawake wenzangu wananitazama kama niliyerogwa.

Juzi mume wetu kasema anataka kuoa, nipate wa kusaidiana naye shambani. Nimemjibu aoe, ni haki yake. Ila huyo bibi harusi ajengewe nyumba yake. Chumbani kwako nalala mimi.

Mola akulaze pema, Somoe.

Mke mwenzako,
Mama Hamisi