Minyororo ya Plau Ziwani

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia huku Kalangalala. Goti langu linanitii tena, na mdogo wako Masanja amepata kipaimara.

Umeniuliza kama kupakia kamba na maboya ghalani, huko bandarini Mwanza, ni kuokoa watu kweli, maana wenzako waokoaji huingia majini na viatu vyako havilowi.

Nilipokuwa darasa la sita tuliishi jirani na ziwa. Asubuhi moja boti ya mizigo ilipinduka karibu na ufuko, baba yangu akiwa ndani. Watu walimsikia akigonga mbao. Kamba za wavuvi zilikatika walipojaribu kuivuta boti. Mama hakwenda ufukoni. Alisimama njia panda akiwaita wakulima walete maksai na minyororo ya plau.

"Mayu, mama yetu, leo tunalima ziwa?" mzee mmoja alimtania.

"Lima kwanza, utacheka baadaye," mama akajibu, akiunganisha mnyororo wake na wetu.

Nilimvuta kanga twende kwa baba. Akaniambia, "Nikiondoka hapa, nani atawaelekeza wenye maksai ilipo boti?"

Maksai waliivuta boti hadi mchangani. Baba alipotolewa, aliwapita wote waliomshangilia, akaenda hadi njia panda huku akichuruzika maji. Mama alikuwa akiwarudishia watu minyororo yao. Baba alimshika mkono, asiuachie.

Nilitazama viatu vya mama. Vilikuwa vikavu.

Mungu akutunze hapo ghalani.

Bibi yako,
Nyamizi