Wote Wamezaliwa Tarehe Mosi Januari

Jumamosi, nyumbani Kibeta, mjini Bukoba. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Mama anadhani nimelala. Sijalala, naogopa.

Jana wageni wawili walifika kwenye kituo chetu cha afya, kule Muleba, kupima kama mfumo wa kompyuta wa wagonjwa ni rahisi kutumia. Mimi ni karani wa mapokezi, kwa hiyo nilipimwa mimi. Mmoja alikaa nyuma yangu na saa, mwingine akaandika kila nilipobonyeza. Nisajili mgonjwa mpya. Nitafute wa zamani. Nimpeleke kwa daktari.

"Dada, una mikono miepesi," akasema yule wa saa. "Hatujaona karani mwenye kasi hii."

Mganga mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, alicheka kwa fahari. "Huyu tumemlea wenyewe, waitu," akasema, akimalizia kwa neno letu la Kihaya la heshima.

Nilitazama kibodi.

Kasi hiyo najua inatoka wapi. Mfumo haukubali kumsajili mtu bila siku na mwezi wa kuzaliwa. Wazee wengi, na watu wa samaki wanaotoka visiwani, wanajua mwaka tu, tena kwa kukadiria. Foleni imefika nje, mtandao unasuasua. Basi naandika tarehe mosi Januari, naendelea. Na wenzangu nimewafundisha hivyo hivyo. Lakini ukitafuta mtu, orodha inaonyesha jina na tarehe ya kuzaliwa, basi. Kijiji kiko kwenye ukurasa mwingine, na kuufungua ni kusubiri.

Jumatano alikuja mama mchuuzi wa dagaa kutoka kisiwani. Nitamwita Anastazia, si jina lake. Kwenye orodha walitokea wawili: majina sawa, mwaka sawa, wote tarehe mosi Januari. Nikafungua wa kwanza.

Sikumwuliza kijiji.

Faili lake lilikuwa la pili. Lina onyo kwa rangi nyekundu: penisilini inamdhuru. Alimweleza daktari mwenyewe mwaka jana, likaandikwa. Safari hii homa ilikuwa kali, hata kujibu alijibu kwa shida. Daktari akaona faili lisilo na onyo, akaagiza sindano. Anastazia akavimba uso na koo, akakimbizwa Bukoba kwa gari la wagonjwa. Jioni niliifungua tena ile orodha, nikaona nilichofanya. Sikumwambia mtu.

Kituoni wamekubaliana kuwa kosa ni lake. "Hawa wa visiwani hawasemi mpaka wavimbe," muuguzi alisema. Watu wakacheka.

Nami nilicheka.

Jana, baada ya kipimo, nilipewa fomu yenye jina langu juu. Swali la mwisho liliuliza kama mfumo umewahi kusababisha kosa lililomgusa mgonjwa. Mfawidhi alikuwa amesimama mlangoni. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na yeye ndiye anayependekeza nani abaki. Nikaandika: Hapana. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Leo asubuhi nimeenda kumwona Anastazia wodini, nimembebea uji. Uso wake bado umejaa. Nilidhani atanifukuza. Akanishika mkono.

"Nisamehe mwanangu, waitu. Nimewasumbua. Wanasema sikuwaambia habari ya ile dawa. Mimi nilijua nilisema, lakini labda ni homa."

Binti yake alikuwa anakunja kanga. "Umeona sasa, mama? Mdomo wa kupandisha bei ya dagaa unao, wa kusema ugonjwa huna!" Alicheka peke yake, kisha akageukia dirishani akafuta macho.

Nilisema, "Pumzika, mama." Nikaondoka.

Jumatatu anaruhusiwa kurudi kisiwani. Akiugua tena atakuja kwetu, hakuna kituo kingine karibu. Atakayekaa mapokezi atakuwa mimi, au mtu niliyemfundisha mimi.

Wageni wamefikia hapa hapa mjini, wanaondoka Jumatatu pia. Kesho nikitoka ibadani nitawafuata, niombe fomu yangu, nifute lile neno na kuandika namba za mafaili yote mawili. Mfawidhi atajua kabla jua halijazama.

Lakini nitapita wodini kwanza. Nitamwambia Anastazia, binti yake akisikia, kwamba alisema. Alisema vizuri, na tuliandika.

Asipande mtumbwi akiamini alinyamaza.