Lutaaya, Aliyeitoa Siri ya Punda Ni Mimi

Mwaka umetimia, Baba Tendo, tangu tulipokulaza nyuma ya migomba ya bibi yako hapa Bukomansimbi. Watu huandika mazuri ya marehemu wao katika nafasi kama hii ya gazeti. Mazuri yako nitayaandika, maana ni mengi. Lakini nina neno jingine la kukwambia, na nataka walisome wote waliomhukumu Ddiba kwa kosa lisilo lake.

Ulikuwa fundi wa nguo za magome. Ulikwangua mti wa mtuba kwa ukucha tu ukajua kama gome lake limekomaa. Ukishalibandua, uliufunga mti majani ya mgomba taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Hukuanza kula kabla sijakaa. Nilipoumia kidole ulinisuka nywele mwenyewe, ukanisuka vibaya, nami nikaenda nazo kanisani hivyo hivyo, nikajivuna.

Gome mlilipiga wawili juu ya gogo, wewe na Ddiba, rafiki yako tangu mlipokuwa hamna meno ya mbele. Nyundo zenu za mti ziliitikiana. Nikiwa shambani nilijua kwa mlio tu nani anasimulia na nani anacheka.

Siku ya mvua gome halianikwi, ndiyo maana mchana ule ulikuwa nyumbani. Ulikuwa umeazima televisheni ndogo ya kinyozi pamoja na betri yake. Ile katuni ya punda uliitafuta miaka mingi, na ulitaka yenye sauti ya mtafsiri yule yule wa kibanda cha video ulichokuwa ukiingia utotoni kwa kumchotea maji mwenye kibanda. Zenye sauti nyingine ulizirudisha. Ulisema hao wengine wanatafsiri tu, yule alikuwa anakaa na wale wanyama.

Ulifunga mlango ukanikalisha kitandani. "Mama Tendo, usiongee," ukasema. "Ukitaka kucheka, cheka ninapocheka mimi."

Wanyama wenyewe walikuwa wa Kizungu, lakini mtafsiri aliwapa majina ya kwetu. Mtoto wa punda akamwita Kabuye. Bata mzee akawa Shangazi, akimgombeza Kabuye kwa kusalimia wakubwa na majani mdomoni. Bata mwenyewe alikuwa anasema nini, hakuna aliyejua. Mimi nilikutazama wewe kuliko katuni. Midomo yako ilikwenda pamoja na mtafsiri, neno kwa neno.

Ikafika pale Kabuye amekuwa mkubwa, ameingia soko la chumvi, na mama yake aliyeuzwa zamani anapita na mzigo mgongoni. Mama akamnusa shingoni, akasimama. Wakampiga fimbo, hakuondoka. Nikaona mabega yako yanatikisika. Ukaniambia mama yako alikuacha kwa bibi ukiwa na miaka miwili, akaenda kuolewa Kooki. Ulipokuwa kijana ulimfuata hadi sokoni anakouza maharage. Akakutazama, akakuuliza unataka kiasi gani. Ukachukua maharage ukarudi nyumbani.

"Ddiba anajua, maana kibandani tulikaa benchi moja," ukasema. "Sasa na wewe. Yaishie humu."

Nilikubali kwa kichwa, kwa sababu ulikuwa umenikataza kuongea.

Hayakuishia humo. Wiki ya pili yake nilikuwa kisimani na wenzangu. Walikuwa wakiwasema waume zao, mmoja anakoroma, mwingine anaficha nyama. Mimi siku zote ni wa kusikiliza. Siku ile nilitaka na mimi nisikilizwe. Nikasema wangu anamlilia punda wa katuni. Walicheka hadi mmoja akamwaga ndoo. Nilipoona wamenigeukia wote, nikaongeza ya mama yako na maharage. Hakuna aliyeniuliza hayo. Niliyatoa mwenyewe.

Hazikupita siku tano, wanaume wakaanza kutaniana majina kule madukani, ila jina lilikuwa moja na lilikuwa lako. "Kabuye, mama kakunusa leo?" Ulirudi ukakaa kwenye kizingiti na viatu vyako miguuni. Nilikuwa nimepiga magoti namenya ndizi.

"Waliojua ni wawili," ukasema. "Wewe huna mdomo. Basi ni Ddiba."

Nilikuwa na nafasi pale, Baba Tendo. Ulinitazama kama mtu anayengoja kupingwa. Mimi nikamenya ndizi hadi zikazidi sufuria.

Asubuhi ulimwambia Ddiba achukue nyundo zake. Hakubisha. Alikutazama, akanitazama na mimi mlangoni mwa jiko, akaziokota moja moja akaenda. Miezi mitatu nilisikia nyundo moja tu. Ulikuwa ukipiga, unasimama, unapiga tena, kama uliyesahau zamu ni ya nani.

Ngazi yenu ya kupandia mtuba ilikuwa ya kuegemeza. Siku zote mmoja alipanda na mwingine akashika chini. Siku uliyoanguka hapakuwa na wa kushika. Siwezi kusema angekuwepo ungepona. Siwezi pia kusema usingepona. Ninaishi katikati ya hayo mawili, na ndiyo sababu watu wanasema nimekonda kwa majonzi.

Kwenye maziko, kila nguo ya gome ya kukuzikia ilipoletwa jina la aliyeitoa lilitajwa. Ddiba alileta yake, nyekundu kama udongo wa barabara, laini kuliko zote. Shangazi yako Nambirige akainua mkono. "Hiyo irudi ilikotoka," akasema. "Mdomo uliomvua nguo hautamvisha."

Watu wakanigeukia, maana neno la mjane lingetosha. Nilikuwa karibu na kichwa chako, Tendo amelala mapajani mwangu. Nikainamisha uso. Wakadhani ni kilio; wenzangu wa kisimani waliojua nao wakainama, maana ndio walioyapeleka madukani. Ile nguo ikarudishwa juu ya vichwa vya watu, mkono hadi mkono, mpaka nje ya uzio alikosimama.

Jumamosi hii tunamaliza msiba wako na kumsimika mrithi wako. Shangazi alipokuwa akitaja wa kualikwa, akasema Ddiba asipewe habari. Nikajikuta nainamisha uso tena, vile vile. Hapo nikajiogopa. Kesho yake nikaenda kwa Ddiba, nikapiga magoti kando ya gogo lake, nikamwambia ni mimi niliyesema kisimani.

Hakuacha kupiga mara moja. Alimaliza ukingo, akaweka nyundo chini.

"Nilijua, shemeji," akasema. "Siri ilikuwa ya watu watatu. Mwenyewe hakujisema, mimi sikusema. Nimeishia darasa la nne, lakini hesabu hiyo naiweza."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kubeba lisilo lake hata baada ya kaburi.

"Ningemwambia nini?" akasema. "Mama yake alimwacha. Nimwambie na mkewe ndiye aliyemtangaza kisimani? Abaki na nani? Nikaona bora aniache mimi. Nilijua siku moja hasira zitamwisha atakuja kunitukana, tutacheka. Sikujua siku hazipo."

Hapo tu ndipo alipofuta macho. Nikamwomba msamaha. Alisema hawezi kunipa msamaha wa jikoni kwa aibu ya barazani, na kwamba wa kwanza kuombwa si yeye.

Kwa hiyo nakuomba wewe, mbele ya wote hawa. Uliniamini kwa sababu nilikuwa kimya, na nilikuwa na mdomo siku ya kunyamaza, nikanyamaza siku ya kusema. Uliingia kaburini ukimchukia mtu aliyekupenda kuliko nilivyojua mimi kupenda.

Tangazo hili nimemsomea Shangazi Nambirige kabla ya kulipeleka. Akanirudishia karatasi. Kisha akaniambia nimtangulize Ddiba kwenye majina, na Jumamosi aje na nguo yake. Tangu hapo hajasema nami, nami simlaumu.

Wanaokukumbuka ni rafiki yako Ddiba, uliyeanza naye utoto na kazi. Bibi yako aliyekulea. Shangazi yako Nambirige. Mama yako aliyeko Kooki, ambaye tumempelekea habari na amesema atakuja. Binti yako Tendo, anayeuliza ngazi iko wapi. Na mwisho kabisa mimi mkeo, Nassolo.

Siku zote tutakukumbuka, Lutaaya. Na kuanzia leo Ddiba naye akukumbuke akiwa ndani ya uzio, pamoja nasi.