Dume wa Tausi

Jumatatu, 2 Juni 2025
Chilangala. Upepo wa baridi. Bi Flora wa Arusha kanitumia video mbili za farasi. Anataka nimchagulie Tausi, farasi wake jike, dume wa kumpanda. Miaka miwili tangu nirudi kwetu, na bado yupo anayekumbuka kwamba nilitunza farasi wa baba yake miaka thelathini na moja! Nimefurahi mno. Nimweleze nani hapa? Jirani yangu Isaka kauliza kama farasi analima.

Jumanne, 3 Juni
Nimetazama mpaka simu ikazima. Dume mwekundu ni mrefu, anaruka vizuri, ila ana pupa. Mashindano yao ni ya siku tatu: kwanza kutembea kwa adabu, kisha kukimbia porini juu ya magogo na maji, mwisho vizuizi vya uwanjani. Mwenye pupa huharibu siku ya kwanza.
Wa kijivu, Kimbunga, anatoka Kenya. Kabla ya kuruka analaza sikio moja, kama anayesikiliza. Nimempenda papo hapo, sijui kwa nini.
Nimejibu: Kimbunga.

Jumatano, 4 Juni
Watu wote wako mashambani, wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Nimeongea na mbwa.

Alhamisi, 5 Juni
Nimemwonyesha dada Severina video ya Kimbunga. Katazama kwa adabu, kama picha za harusi ya watu asiowajua. Kisha kauliza, mama yake nani? Nikasema wenzetu wa farasi hutazama zaidi ukoo wa baba. Akacheka. Kaka, umekaa ugenini mpaka umesahau kwenu? Kwetu ukoo ni wa mama, mtoto huulizwa mama.
Nimemuuliza Bi Flora, basi tu, dada aniache.

Ijumaa, 6 Juni
Bi Flora katuma picha ya mama yake Kimbunga. Alishakufa. Jina la kizungu, silijui. Lakini kovu lile la begani, limepinda kama ndoana — nimelisafisha mimi, wiki sita!
Ni Shani, jike wetu wa Arusha. Marehemu baba yake Flora alimuuza Kenya, binti akiwa bado shule ya bweni. Waliomnunua wakambadili jina. Na kabla ya kuuzwa, Shani ndiye aliyemzaa Tausi.
Ndiyo maana nilimpenda. Nilikuwa namwona Shani.
Tumbo moja. Nimemchagulia Tausi kaka yake. Nimeandika ujumbe, mtandao hakuna.

Jumamosi, 7 Juni
Nimekuja barabarani, hapa mtandao upo. Ujumbe wangu umeondoka. Wake umeingia, wa jana jioni: Tausi yuko kwenye joto, tayari kupandwa, Kimbunga kashafika na kashushwa garini, watampandisha leo hii saa nne asubuhi. Ahsante Mzee Alfredi, nakuamini.
Saa tatu na nusu. Simu yake imezimwa. Haingii nayo bandani, farasi wasishtuke. Nilimfundisha mimi.
Ujumbe wangu una tiki moja tu, haujamfikia.
Nimpigie nani mwingine? Baba yake kafa. Wenzangu wa bandani sina namba ya hata mmoja. Katika waliomjua mama yao nimebaki mimi, nimekaa juu ya jiwe Chilangala.
Severina kapita na jembe. Kauliza, umejibiwa mama yake nani?
Saa nne kasoro kumi. Napiga tena.